Dawa ya kutuliza kwa daktari wa meno au kamera ya tumbo: tupeane uzoefu

Mwenye mada, Umoja
Wadau, gego langu la mwisho limelala kiubavu chini ya ufizi, daktari anasema litakatwa vipande ndipo litoke. Ganzi peke yake siiwezi, nikisikia tu ile mashine natetemeka. Amenipa chaguo la dawa ya kutuliza kwa mshipa, akasisitiza si nusukaputi: nitapumua mwenyewe, na nikiambiwa fungua mdomo nitafungua. Mliopitia, nisimulieni. Siku ni Ijumaa.

Binti wa Kariobangi
Mimi ilikuwa kamera ya tumbo, vidonda. Nilidungwa midazolam, hiyo dawa ya kutuliza yenyewe, nikamwambia nesi, "Hii mbona haishiki?" Hapo ndipo kumbukumbu yangu inakatikia. Kumbe niliendelea kuongea! Dada yangu anasema nilimweleza bei ya nyanya soko la Wakulima mara tatu, maneno yale yale. Ninachokumbuka baadaye ni viatu vyangu chini ya kitanda, cha kulia kikiwa kushoto.

Baba Pacha
Usile kwa saa sita kabla. Maji matupu, mwisho saa mbili kabla. Mimi nilijifanya mjanja, saa kumi na mbili asubuhi nikapitia kibandani: chai ya maziwa na mandazi mawili. Saa tatu daktari akaniuliza, nikakiri, akanirudisha nyumbani. Nilinuna hadi Kangemi. Lakini alinieleza kwamba mtu akilegea koo halijilindi vizuri, akitapika, chakula kinaweza kuingia mapafuni. Na chai ya maziwa ni chakula, msidanganyane.

Mama Wawili
Mwanangu wa miaka saba alipewa gesi ya kicheko, kibarakoa cha puani. Ganzi alidungwa vilevile, ila hakujali. Mwisho akapumulishwa oksijeni dakika chache, akatoka anatembea na kudai chipsi. Nilidhani ni mambo mapya, kumbe daktari wa meno Mmarekani, Horace Wells, aling'olewa jino akiwa ameivuta gesi hiyo mwaka 1844.

Nesi wa zamu
Mwenye mada, uliza swali moja: nani atakuangalia wewe huku daktari akiangalia jino? Lazima awepo mtu wa kazi hiyo. Utabanwa kifaa kidoleni cha kupima oksijeni, upimwe na presha. Midazolam ina dawa ya kuizima, flumazenil. Uliza kama ipo chumbani, si stoo. Sema ukweli kuhusu pombe, dawa unazomeza, mimba, na kama usiku unakoroma hadi pumzi inakatika. Ukikosa mtu mzima wa kukurudisha nyumbani, heri uahirishe. Boda hapana. Gari usiguse hadi kesho yake, wala usitie sahihi karatasi yoyote.

Mwenye mada, Umoja
Asanteni sana. Shemeji amekubali kunisindikiza.

Kijana wa Ngara
Simu mwachie yeye pia. Mimi nilifika nyumbani nikajiona niko sawa kabisa. Jioni nikakuta nimemtumia mwenye nyumba kodi mara mbili, na sikumbuki hata moja.

Binti wa Kariobangi
Alirudisha?

Kijana wa Ngara
Alisema asante kwa kulipa ya mwezi ujao mapema.