Tupeane uzoefu: nani kashalala vihoteli vya familia ufukweni, visiwa vya Ugiriki? (zile za bei chee, sio resoti)

Binti Jambiani
Asalaam alaykum wadau. Mie naishi Hamburg, mwezi wa tano mwishoni nilikwenda Naxos na wanangu wawili, siku 6, chumba euro 42 kwa usiku, na ukitoka mlangoni mpaka kukanyaga maji ni kama kutoka ukumbini kwenda uani. Nataka kusikia na wenzangu mlikutana na yapi maana haya mahoteli yana mambo yake wallahi.

Tulipanda meli Piraeus, bandari ya Athens, saa moja na nusu asubuhi, masaa matano na ushee baharini, tukashuka Naxos mjini tukala, tukaburuta mabegi mpaka hotelini tunafika saa tisa mchana HAMNA MTU. Kaunta tupu, paka watatu wamelala juu ya daftari la wageni (paka wa kule utadhani umeshuka Lamu). Nikagonga, nikaita hodi hodi, kimya. Mwisho mwanangu akaona ufunguo umechomekwa mlangoni chumba namba 4 na kikaratasi kina jina langu limeandikwa kombo. Tukaingia, watoto wakaanza kukimbizana uani kwa kelele, ghafla bibi mmoja katokea na kanzu ya kulalia kidole mdomoni, ssshhh. Kumbe kule saa tisa mpaka saa kumi na moja na nusu ni usingizi, kisiwa kizima. Sikujua, nikaona haya. Jioni bibi yule yule akatuletea sahani ya tikiti, yakaisha.

Sasa ya chooni. Karatasi hutupi chooni, unatupa kwenye kidebe pembeni, wameandika mpaka kwa Kijerumani, mabomba yao ya maji machafu ni membamba yanaziba. Na maji ya kutawazia hamna, kwa hiyo bora nilibeba kopo langu. Kuoga ni bomba la mkono halina pazia, ukimaliza choo kizima bahari.

Ila kilichonifurahisha ni pweza. Asubuhi ya pili natoka namuona babu mwenye hoteli yuko kwenye jiwe ufukweni anambamiza pweza, paa, paa, anahesabu kwa Kigiriki, halafu anamsugua kwenye jiwe mpaka anatoa povu jeupe kama la sabuni, akimaliza anamtundika kwenye kamba jua limpige, pembeni ya chupi za wageni. Nikakaa nikamtazama weee mwisho nikashindwa, nikamuonesha kwa mikono kwamba kwetu tunampiga kwa fimbo na wanaomtafuta ni wanawake, maji yakitoka bamvua wanaingia na michokoo. Babu akacheka, akanipa pweza nipige mie. Nikapiga. Mkewe akatoka jikoni kuja kuangalia.

Kaka wa Mbagala
Dada umenikumbusha Kos. Ndugu zangu Waislamu mkifika Ugiriki msidandie gyros kichwa kichwa, mkate unanukia kweli ila asilimia kubwa ya zile nyama ni kitimoto. Ukitaka kuku sema "kotopoulo", likikushinda hilo jina igiza kuku, wataelewa, mimi niliigiza na jogoo akawika na meza ya pili wakapiga makofi.

Msee wa Ruiru
Wasee hiyo pweza iko sawa lakini mmeshasikia upepo inaitwa meltemi? Mimi nasoma Ujerumani, Julai nikaenda Paros na pesa ya kuhesabu kabisa, usiku tatu, kihoteli cha mathe mmoja na kijana wake, ya nne nirudi Athens nikachukue ndege. Siku ya kutoka naamka naona bahari yote imekuwa nyeupe nyeupe, viti vya plastiki vinaruka, kijana anakuja ananiambia leo hakuna meli. Nikadhani ni story za kunibakisha. Nikatembea hadi port nikakuta watu wamekalia mabegi, wenye bandari wamezuia meli zisitoke, hizo za mbio ndizo zinakatwa kwanza.

Nikarudi na aibu nikamwambia mathe ukweli, mfukoni iko euro 35 na ndege imeshaniacha. Hakusema kitu. Aliingia jikoni akatoka na beseni ya mishiri (zile french beans) na kisu, akaniwekea mbele, akakaa na yake. Tukakata mishiri kama lisaa lizima, yeye anaongea Kigiriki mimi naitikia "ndiyo mathe". Nimekatiwa mishiri na shosho yangu Ruiru maisha yangu yote na huyu alikuwa anakata vile vile, anavunja kichwa anavuta uzi. Usiku huo na uliofuata hakunilipisha chumba. Breakfast alinilipisha lakini, euro 5 mara mbili, na akanipa risiti hahaha.

Ushauri: ukienda Julai ama August usipange ndege siku ile ile unatoka kisiwani. Acha siku moja ulale Athens.

Mzee wa Ilala
Naona mnawasifia sana, ngoja mimi niwe mbaya. Nilikuwa Santorini, upande wa Perissa, hoteli nyota mbili ya ndugu watatu (jina naliacha). Kwenye picha bwawa la kuogelea kubwaa, kufika unakuta ni kama karai la zege, mtu mmoja akiingia wa pili anasubiri. Rimoti ya AC wanaiweka kaunta unaikodi euro 6 kwa siku!! Mashine ya kadi "mbovu" siku tatu mfululizo, siku ya nne nilivyosema sina hata senti taslimu ikapona hapo hapo bila fundi. Na ule mchanga wa kule mweusi, ni wa volkano, saa saba mchana ni kaango, mimi nilitoka pekupeku kwa ujeuri nikarudi naruka kama panzi. Bahari nzuri hiyo siwezi kusema uongo.

Alafu wakati wa kuondoka eti kuna kodi nyingine, nikagoma.

Binti Jambiani
@Mzee wa Ilala pole, ila hiyo kodi hawakukuibia, ni ya serikali, mambo ya tabianchi. Tangu 2025 kuanzia Aprili mpaka Oktoba hoteli ya nyota 1 na 2 ni euro 2 kwa chumba kwa usiku, si kwa kichwa, na ya nyota 5 ni euro 15, mara nyingi haimo kwenye bei unayoiona mtandaoni. Rimoti hapo sina la kukutetea.

Mzee wa Ilala
Kumbe. Basi niliwagombeza bure kwa hilo. La rimoti nabaki nalo.

Mulushois wa Bruxelles
Kiswahili yangu ni ya Lubumbashi musinicheke. Mimi na bibi yangu (muke wangu) tulienda kisiwa kidogo karibu na Rhodes, hoteli ya vyumba munane. Siku ya kwanza bibi analalamika na mimi kwa Kiswahili kama mayi ya kuoga iko baridi, na ile mzee ya hoteli iko nyuma yetu anapanga viti, anajibu bila kugeuka: "ngojeni kidogo, jua ipande." Tulishituka! Mayi yao inapashwa na jua, iko mapipa juu ya paa.

Alizaliwa Kasenga, kwetu Congo, ku muto Luapula. Zamani Wagiriki walikuwa wengi kule, wananunua samaki wanapeleka Lubumbashi, wakati ile inaitwa Elisabethville, kwa kulisha batu ba mine, wa migodi. Baba yake alikuwa na mashua na friji ya barafu. Mobutu alipofanya zaïrianisation 1973, kunyanganya wageni biashara zao, walipoteza vyote, wakarudi kisiwani na masanduku mbili. Kiswahili yake ni ya mutoto wa miaka kumi na ngapi, alikuwa anatuuliza kama pale ku kivuko kungali muti fulani mukubwa. Sisi hatujafika Kasenga hata siku moja. Bibi akamuambia ungali, uko. Sijui kama uko.

Kila asubuhi alikuwa anakuja ku meza na kahawa, anakaa, anataka tu tuongee, hata kama ni bei ya mafuta.

Fatma Leicester
Jamani hii ya Kasenga imeniweza. Swali tu, mimi niko Uingereza na pasi ya Tanzania, naruhusiwa kwenda hivi hivi?

Kaka wa Mbagala
Hapana dada, unahitaji viza ya Schengen, karatasi za kukaa Uingereza hazitoshi. Binti Jambiani alipita kirahisi kwa sababu ana za Ujerumani. Omba mapema, na chukua buking inayokubali kufutwa bure isije viza ikachelewa ukapoteza hela. Jaribu Septemba, maji yanakuwa bado ya moto na bei zimeanza kushuka.

Msee wa Ruiru
@Binti Jambiani sasa ile pweza uliipiga, mwishowe mliikula ama ulipiga tu ukaenda?

Binti Jambiani
Tulikula usiku, wameichoma kwenye makaa, juu mafuta ya zeituni na siki. Ilikuwa laini mpaka mwanangu mdogo asiyekula pweza alikula. Ila ndimu wanabana, vipande viwili sahani nzima, ikabidi niende mwenyewe jikoni kuomba.