Tambi, soseji na mboga kwenye sufuria moja: tupeane uzoefu

Zamu ya Usiku
Wakuu, habari za jioni. Nimetoka kumwona binti wa jirani anahangaika na jiko la pleti moja. Tambi anachemsha, anazimwaga kwenye chujio, anaosha sufuria, anakaanga soseji, anatoa, ndipo aanze mboga. Alipofika kwenye mboga tambi zimeshapoa zimegandana, na mdogo wake amelala na njaa. Imeniuma kweli. Sisi tunaorudi kazini usiku hiki chakula tunakipika kwenye sufuria moja mwanzo mwisho.

Mimi nafanya hivi. Soseji nakata vipande vya unene wa kidole, nazikaanga kwa mafuta kidogo mpaka ziwe kahawia na zianze kunata chini ya sufuria. Hapohapo kitunguu maji na karoti. Karoti ikishalainika ndiyo nyanya na kitunguu swaumu. Kisha tambi nusu pakiti, yaani gramu 250, na maji ya moto robo tatu ya lita. Chumvi kidogo sana, soseji zina chumvi yake. Dakika mbili za mwanzo usiache kukoroga. Hoho na njegere zinaingia maji yakikaribia kukauka. Nusu saa watu wanakula.

Wenzangu mnapikaje? Na yepi yamewakuta?

Mama Wawili
Hiki chakula kimenilelea watoto. Sina la kuongeza.

Kijana wa Kota
Dada Zamu, maji ya tambi yanamwagwa. Yana ule utelezi. Nyumbani tumefundishwa ukipika tambi unachuja na unasuuza na maji baridi ziachane.

Zamu ya Usiku
Kaka, huo utelezi ni wanga, na ndio unaoshika mchuzi. Ukiuchanganya na mafuta ya soseji na nyanya, rojo linakuwa zito bila kutia unga wala krimu. Ukiumwaga umemwaga mchuzi wako. Na ukisuuza tambi, rojo halizishiki, linateleza lote chini ya sahani.

Kijana wa Kota
Sawa, lakini pishi ni pishi. Mama yangu alichuja miaka yote na tulikula tukashiba.

Bi Iliki wa Tanga
Wanangu, tambi hupikwa na sukari, iliki na tui la nazi, mkashtua kwa zabibu kavu. Ramadhani bila sahani ya tambi futari haijakaa sawa. Hizi soseji mnazitia wapi tena jamani?

Smokie na Dhania
Bi Iliki shikamoo. Hizo zenu nyembamba ni tamu kabisa, nilizila Mombasa kwa shangazi. Hapa tunaongea ndefu za spageti na makaroni.

Mimi niko Nairobi, na hii mada imenikumbusha maisha ya bedsita, chumba kimoja cha kulala na kupikia. Nilikuwa natumia smokie badala ya soseji kwa sababu smokie imeshapikwa kiwandani, inataka kushika moto tu. Kitunguu, nyanya mbili, karoti ya kukwaruza, smokie, spageti, maji, mfuniko. Dhania juu. Gesi ilikuwa inanitosha mwezi na zaidi.

Lakini dada, nusu saa yako mimi sijawahi kuifikia. Pakiti inasema dakika 9, mimi nafika 12 au 13 na bado kuna kiini kigumu katikati. Na maji lazima niongeze.

Kijana wa Kota
Mkuu, hapo mfuniko wako haukai vizuri. Mimi niko Dar, dakika 9 kamili zimeiva.

Smokie na Dhania
Mfuniko unakaa, usinifundishe sufuria yangu.

Kijana wa Kota
Basi moto wako mdogo.

Baridi ya Njombe
Acheni kugombana, wote mko sahihi. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Kadiri unavyopanda ndivyo hewa inavyopungua uzito, na maji yanachemka kabla hayajafika nyuzi 100. Nairobi yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi. Ukiongeza moto yatatokota kwa fujo na kuisha haraka, ila joto halizidi hapo. Dar mko usawa wa bahari, maji yenu ni ya moto zaidi. Huku kwetu Njombe ni hivyohivyo, ndiyo maana maharage yanatusumbua mchana kutwa.

Ndugu wa Nairobi, anza na maji mengi kidogo kuliko ya dada Zamu, funika, moto wa wastani, vumilia dakika zako 13. Na usitie nyanya kabla karoti haijalainika. Uchachu wa nyanya unaifanya karoti ikae ngumu.

Smokie na Dhania
Asante sana mkuu. Miaka yote nikidhani ni spageti za bei rahisi.

Mtaa wa Eastleigh
Kwetu Wasomali baasto, yaani tambi, ni chakula cha nyumbani kabisa, wazee walikizoea tangu Waitalia walipotawala Somalia. Mchuzi wetu wa suugo unapikwa pembeni, na ndizi mbivu unamega mkononi unakula pamoja. Lakini siku ya haraka mama yangu alikuwa anatia kila kitu pamoja: nyama ya kusaga au soseji za ng'ombe, viazi, karoti, hoho, bizari. Jaribuni ndizi. Soseji ina chumvi na pilipili, ndizi inatuliza mdomo.

Mama Wawili
Ndizi na tambi? Nitajaribu kesho.

Nesi Mstaafu
Mimi nimeguswa na hizo soseji. Kipindi cha mgao wa umeme mwishoni mwa 2023, jokofu zilikuwa zinazimika na kuwaka. Kuna duka mtaani kwetu, sitalitaja, soseji zilikuwa zinayeyuka mchana na kuganda tena usiku. Pakiti unaiona ndani imejaa maji na barafu ya unga, soseji zimeshikana kama tofali. Mjukuu wangu alikula, akatapika usiku kucha, alfajiri tuko zahanati na dripu mkononi. Mtoto alilegea mpaka akawa haniitikii.

Tazameni pakiti kabla hamjalipa. Ikiwa na barafu nyingi ndani, au imevimba, au soseji zinateleza na kunuka uchachu, iacheni hapohapo. Na soseji mbichi ziive mpaka katikati, isibaki rangi ya waridi. Afrika Kusini mlipuko wa listeria, ugonjwa wa vijidudu vya kwenye chakula, wa 2017 na 2018 uliua zaidi ya watu 200, na uligundulika kwenye poloni, nyama ambayo watu wanaila bila kuipasha. Yule mdudu anakua hata ndani ya friji. Moto ndio unaomuua, basi pasheni.

Mzee wa Mboga
Nesi umesema. Na mimi niongeze, soseji si chakula cha kila siku. Mwaka 2015 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani iliziweka nyama za kusindikwa kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani. Mnawalisha watoto sumu.

Zamu ya Usiku
Mzee shikamoo. Hiyo taarifa naijua, na inasema pia habari ya kiasi: ukila gramu 50 kila siku, hatari ya saratani ya utumbo mpana inapanda kwa asilimia 18 juu ya ile uliyokuwa nayo. Mimi napika mara moja kwa wiki, soseji mbili kwa watu wanne, mboga ndizo zimejaa sufuria. Kuniambia nalisha wanangu sumu umenikosea.

Mzee wa Mboga
Marahaba binti. Neno sumu nalifuta. Lakini weka uyoga badala yake utanishukuru.

Kijana wa Kota
Uyoga nao una bei yake mzee.

Mkaazi wa Tandika
Nimesoma huu uzi nikapata baridi, kwa sababu chakula hikihiki kiliniwekea alama.

Nilikuwa nimepanga chumba kwenye nyumba ya wapangaji wengi, korido moja, kila mtu jiko lake ndani. Nilikuwa na jiko la pleti mbili na mtungi. Fundi alikuja mchana kunifungia mpira mpya, akachukua hela yake akaondoka. Jioni nikapika kama alivyoeleza dada Zamu, soseji, karoti, kabichi, tambi. Nikazima jiko nikafunika sufuria tambi zimalizie kunywa maji. Umeme ukakatika. Nikatoka uani kuchota maji, watoto wangu wawili wamekaa ndani kitandani.

Narudi, nikifika mlangoni, harufu. Ile ya yai viza, kali, inapanda kutoka chini. Ndani giza totoro. Nasikia shiiii. Mpira umechomoka kwenye jiko, yule fundi hakufunga kibano. Gesi inamwagika sakafuni na wanangu wako juu ya kitanda.

Sasa nikageuka nikamwona mama wa chumba cha pili anakuja kwenye korido na mshumaa unawaka, anataka chumvi. Ananiita kabisa, "Mama Fulani, una chumvi?" Nilipiga ukelele ambao sijawahi kuupiga tena. "RUDI! RUDI NA MOTO!" Akasimama. Mimi nikaona anaduwaa tu, mshumaa mkononi, hatua kama tano kutoka mlangoni kwangu. Mumewe alitokea nyuma akaupuliza ule mshumaa, akamvuta.

Nikaingia nimebana pua na khanga. Mtoto mdogo mgongoni, mkubwa nikamshika mkono, nje. Nikarudi tena, nikapapasa mpaka kwenye mtungi nikafunga regyuleta. Shiiii ikanyamaza. Nikafungua dirisha na mlango. Yule baba akapita korido nzima anawaambia watu wasiwashe tochi, wasiwashe simu, wasiwashe jiko. Watu wote tukatoka uani. Gesi ni nzito kuliko hewa, inalala chini kama maji, haitoki yenyewe haraka. Tulikuja kuifukuza kwa kupepea na ufagio na khanga kuelekea mlangoni.

Tulikaa uani mpaka usiku mkubwa. Watoto wakaanza kulia njaa, sufuria nikaitoa nje, tukala hapohapo kwenye mkeka, nyumba nzima, kila mtu kijiko chake. Mpaka leo nikisikia harufu ya soseji zinakaangwa moyo unaenda mbio.

Mama Wawili
Mungu wangu. Watoto wako salama?

Mkaazi wa Tandika
Wako salama dada. Mkubwa yuko sekondari sasa.

Smokie na Dhania
Nimesoma nimesimama. Yule baba Mungu ambariki. Na fundi je?

Mkaazi wa Tandika
Alirudi kesho yake akaweka kibano bila kusema neno. Sijamwita tena.

Baridi ya Njombe
Pole sana dada. Kwa wengine: gesi yenyewe haina harufu, ile ya yai viza inatiwa makusudi ili mtu ashtuke. Ukiisikia usiguse swichi, hata ya kuzima. Cheche ndogo ya swichi inatosha.

Fundi Mwenyewe
Mimi huwa napitisha kiberiti taratibu kwenye maungio. Kama kuna tundu unaona ndimi ndogo, unakaza, imeisha.

Nesi Mstaafu
Wewe kijana futa hayo maneno. Nimewafunga bandeji watu wa kiberiti, ngozi ya mikono inavuka kama soksi. USIPITISHE MOTO.

Fundi Mwenyewe
Mama, nafanya kazi hii tangu nikiwa kijana na sijaungua.

Mkaazi wa Tandika
Kaka, wewe hujaungua. Mimi ningezika watoto. Futa.

Baridi ya Njombe
Povu la sabuni, fundi. Sabuni ya maji na maji kidogo, paka kwenye maungio na mpira wote, fungua mtungi jiko likiwa limezimwa. Panapovuja povu linavimba. Hakuna haja ya moto hata kidogo.

Fundi Mwenyewe
Haya, nimewasikia. Sabuni.

Mbali na Nyumbani
Niko Muscat kazini, napikia familia yenye watoto. Hiki chakula watoto wa hapa wanakililia, natumia soseji za kuku na makaroni mafupi, maana tambi ndefu wanarushiana. Lakini dada wa Tandika nimelia. Wanangu wako Korogwe kwa bibi yao na jiko ni hilohilo la mtungi. Nampigia mama sasa hivi aangalie kibano.

Zamu ya Usiku
Mpigie mpenzi. Na mimi nimeinuka nikaangalia mpira wangu, kisha nikaenda kwa yule binti wa jirani. Wa kwake ulikuwa umefungwa kwa waya. Tumenunua kibano dukani, tumepaka sabuni, hakuna povu.

Bi Iliki wa Tanga
Umefanya la maana mwanangu. Haya, mimi nina mchicha uani na hizo tambi zenu ndefu mjukuu kaniletea. Mchicha naanza nao au namalizia?

Zamu ya Usiku
Malizia nao Bi. Zima kabisa jiko, tupia mchicha uliokatwa juu, funika dakika mbili, kisha geuza. Ukitangulia unakuwa mweusi na unatoa maji.

Bi Iliki wa Tanga
Na tui je? Kikombe kimoja tu.

Kijana wa Kota
Bi, tui na soseji tena?

Zamu ya Usiku
Tia Bi, ila punguza maji kikombe hichohicho, na liingie mwishoni kwa moto mdogo lisikatike.