Mdogo wangu anatoka soba Jumamosi, nifanyeje asirudie unga?

dada_wa_Tanga: Habarini wadau. Mdogo wangu wa kiume anatoka soba house (nyumba ya kuachia madawa ya kulevya) Jumamosi baada ya miezi 6 na hii ni mara ya pili, ile ya kwanza alikaa safi wiki 3 tu akarudi kwenye unga (heroini). Arosto, yale mateso ya mwili ya kukosa unga, kaimaliza kulekule, mwili umejaa, anaswali, sasa kinachomwangusha akifika nyumbani ni nini? Mama kashaanza kufunga kabati na kuhesabu vijiko. Waliopitia naombeni msaada.

mkwezi: Mpelekeni shamba kwa wajomba, mbali na kijiwe.

safi_mwaka_wa_8: Shamba mi nilipelekwa, nikakaa peke yangu na mawazo, siku nimekanyaga mjini nikaenda kijiweni moja kwa moja hata nyumbani sijafika.
Dada pole sana. Nimeingia soba mara 4. Mwili unapona mapema, kazi iko kichwani. Mi nilikuwa nikiona tu ile karatasi ya kung'aa ya ndani ya pakti ya sigara tumbo linakata hapohapo. Halafu saa 10 jioni, ndo saa yangu ya kuvuta, nikiwa sina kazi saa hiyo nimekwisha. Kilichonishika shemeji alinipa genge lake nikae kuanzia saa 9, nikifunga naenda kwenye mkutano wa NA (Narcotics Anonymous, kikundi cha walioacha madawa) na wenzangu waliopona. Na hela nilimwomba dada anitunzie, niliomba mwenyewe lakini, sikunyang'anywa.
Hivyo vijiko sasa. Mara ya 3 nilirudia siku niliyosingiziwa simu. Ikaja kuonekana chini ya godoro, mi nishavuta. Simlaumu mtu, miguu iliyonipeleka ni yangu, ila niliona hata nikiwa msafi kwao bado mwizi.

nesi_wa_dozi: Niko kliniki ya methadoni, ile dawa ya kunywa inayotuliza arosto. Dada, baada ya miezi 6 mwili wake haujazoea tena unga, akiteleza akapiga kipimo chake cha zamani anaweza kukata pumzi palepale, wiki za kwanza za kutoka soba au jela ndo mbaya kuliko zote. Kwa hiyo mwambieni mapema kabisa akiteleza aseme, hamtamfukuza. Kuteleza siku moja hakujamrudisha, kinachomrudisha ni aibu, anajiambia nishaharibu basi acha nimalizie. Na ikishindikana kuna methadoni, Muhimbili ipo tangu 2011 na mikoani pia zimefunguliwa kliniki, anakunywa kila siku mbele ya nesi. Wanaosema ni kubadilisha ulevi kwa ulevi hawajaona baba wa watoto anavyorudi kazini.

dada_wa_Tanga: Nimemsomea mama yote, kwenye ile ya simu kalia sana. Vijiko karudisha jikoni, kabati bado kafunga, sijamlazimisha. Jumamosi nikimpokea namuuliza saa yake ni ipi, maana dukani kwangu jioni nahitaji mtu kweli.