GIS kwa mipango miji: bafa ya mita 60 inanikataa

Wakuu, najifunza QGIS, programu ya kuchora na kuchambua ramani kwa kompyuta (GIS). Nataka kujua majengo mangapi bonde la Msimbazi, Dar es Salaam, yamo ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Majengo nimepakua OpenStreetMap (ramani huria ya mtandaoni), ila ramani ya viwanja niliyopewa inakaa pembeni kabisa ya nyumba, na bafa (ukanda wa umbali fulani kuzunguka mto) imefunika dunia nzima. Nakosea wapi?

Mpima_Tabata: Mkuu, data ya OpenStreetMap huja kwa nyuzi za latitudo na longitudo, si mita (EPSG:4326; EPSG ni namba ya mfumo wa ramani), kwa hiyo 60 yako imesomwa kama nyuzi 60. Geuza leya (tabaka za ramani) zote ziwe EPSG:32737, yaani UTM kanda ya 37 kusini, mfumo unaopima kwa mita, ndipo upige bafa. Viwanja navyo huenda vimechorwa kwa Arc 1960, mfumo wa zamani wa upimaji (EPSG:21037). Ukiviita WGS 84, mfumo wa GPS, vinaonekana vimehama kama mita 300. Kwanza iambie QGIS mfumo halisi wa leya, halafu ndiyo uigeuze. Kubandika namba mpya tu hakubadilishi vipimo vilivyo ndani ya leya, na hapa ndipo wanafunzi wengi hukwama.

dada_ramani: Nyongeza. Sheria ya mazingira ya 2004 hupima hizo mita 60 kutoka ukingoni, si katikati ya mto. Chora kingo mbili kwa picha ya droni, maana Msimbazi huhama mvua ikikolea. Amua mapema pia: jengo linaloguswa kidogo unalihesabu? Jibu hubadilika sana. Na choo cha nje nacho ni jengo, usiandike “kaya”.

Mpima_Tabata: Hilo la kaya ni kweli tupu. Idadi ya watu chukua kwenye sensa ya 2022.