Bustani ya Uhuru pale Mapembeni inaoza na wahusika wapo!!

Watu wa Mombasa leo nina hasira wallahi. Hivi ile bustani ya Uhuru hapo Moi Avenue ina mwenyewe kweli?

Juzi nimeingia na wanangu wapumzike kivulini, jua la saa saba mnalijua na mjini kati hakuna pengine pa kukaa bure. Benchi la kwanza mbao zimeng'oka limebaki chuma tupu, la pili limejaa mavi ya kunguru, tukaishia ukingoni mwa ile chemchemi. Sasa hiyo ndo iliyonichefua. Kwa wasiojua imejengwa kwa umbo la bara la Afrika, ingekuwa darasa zuri sana kwa mtoto, lakini maji hayaruki, mle ndani ni chupa za soda, takataka za miraa na maji ya mvua yamegeuka kijani viluwiluwi vya mbu vinacheza. Binti yangu kaniuliza Kenya iko wapi nikashindwa kumuonyesha, pale pote pamejaa taka.

Na msiniambie pesa hakuna. Zile sanamu kubwa za pembe za ndovu zinazopita juu ya barabara hapo nje zinapigwa rangi, kila mgeni anashushwa na tuktuk apige picha. Pembe zenyewe ziliwekwa enzi za mkoloni miaka ya 1950, barabara ikiitwa Kilindini Road, kwa ajili ya wageni wa kifalme wa Uingereza, tena ni aluminiamu tu. Mimi sizipingi, zishakuwa alama yetu na zinaandika M. Lakini yaani kilichowekewa wafalme kinatunzwa, halafu kilichopewa jina la uhuru tulioupata 1963 kinaachwa kioze ubavuni mwake? Inauma jamani.

Ile bustani ya ufukweni ya Mama Ngina mbona iliwezekana kukarabatiwa 2019, leo Jumapili hapatoshi, watu na mihogo yao na madafu. Ila mtu wa Mwembe Tayari, hapa mjini kati, anayetaka kupumzika nusu saa ataenda mpaka kule karibu na feri ya Likoni?

Nimemuuliza askari wa pale kanambia si kazi yake, nimepiga simu ofisi inayohusika wakanizungusha mpaka kredo ikaisha. Mwenye kujua barua inapelekwa kwa nani aseme hapa hapa, na walio tayari kuweka sahihi wajitokeze, naiandika leo usiku.