Notisi ya miezi mitatu, na kazi mpya inaanza baada ya wiki tano. Nifanyeje?

MamaZawadi:
Wadau, naombeni ushauri. Mimi ni fundi wa maabara katika chuo kikuu cha umma hapa Kenya, mwaka wa saba sasa, mwanachama wa KUSU, chama cha wafanyakazi wa vyuo vikuu. Nimepata kazi chuo kingine, wanataka niripoti baada ya wiki tano. Barua yangu ya ajira inasema notisi ni miezi mitatu. Rafiki anasisitiza kuwa sheria ni siku 28, niondoke tu. Ofisini nao wananiambia nikitoka mapema nitalipa mshahara wa miezi yote mitatu. Sina hizo pesa. Nina mkopo wa Sacco na mtoto anaingia sekondari. Usingizi sipati.

KaraniMstaafu:
Pole dada. Usiondoke kwa hizo siku 28. Kifungu cha 35 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinazitaja kweli kwa anayelipwa kwa mwezi, lakini kifungu hichohicho kinasema mkataba ukiwa na notisi ndefu zaidi, hiyo ndefu ndiyo inayofuatwa. Kabla ya yote, nenda ofisi ya tawi la chama uombe nakala ya CBA, yaani mkataba wa pamoja kati ya chama na mwajiri, iliyosajiliwa mahakamani. Ikishasajiliwa, masharti yake yanaingia kwenye mkataba wako hata kama barua yako haiyataji. Hiyo ni Sheria ya Mahusiano ya Kazi, kifungu cha 59. Barua ya miaka saba iliyopita huenda imeshapitwa. Soma kipengele cha gredi yako kwa macho yako mwenyewe, usitegemee ya kusimuliwa kwenye korido.

Otieno_K:
Nilihama chuo 2019. Niliwaandikia waajiri wapya kwanza, nikawaeleza notisi yangu, wakanisogezea tarehe. Vyuo vinaelewana kwenye hili, ni sisi tunaoogopa kuuliza. Barua ya kujiuzulu usiipeleke kabla hujashika barua mpya iliyosainiwa. Na siku zako za likizo je? Mimi niliomba zihesabiwe ndani ya notisi, wakakubali kwa maandishi.

Wakili wa Mtaani:
Kuhusu kulipa: kifungu cha 36 cha hiyo Sheria ya Ajira kinaruhusu upande wowote kulipa badala ya notisi. Lakini ukiwa umetumikia sehemu yake, dai wakokotoe zile siku zilizobaki tu. Na wakikuambia kwa mdomo "nenda tu", omba barua. Mwajiri akikusamehe notisi uliyotoa, kifungu cha 38 kinamtaka akulipe siku hizo, isipokuwa mmekubaliana vingine. Jambo moja linaniwasha: uliwahi kwenda masomoni kwa likizo yenye mshahara? Bondi ya masomo, ile ahadi ya kurudi kutumikia chuo kwa muda fulani, huwashika watu wengi kuliko notisi.

MamaZawadi:
Nilienda, bondi ya miaka miwili, nimeshaimaliza.

Wakili wa Mtaani:
Basi tafuta barua inayothibitisha hivyo kabla hujaanza kuzungusha fomu za kuondoka. Na usisahau cheti cha utumishi, ni haki yako, kifungu cha 51 cha Sheria ya Ajira.

MamaZawadi:
Nimerudi wadau. Chuo kipya wamesogeza tarehe kwa wiki nne. Nina siku 18 za likizo, zikihesabiwa siku za kazi bila wikendi. Zikikubaliwa, nitadaiwa mshahara wa siku mbili hivi za kazi, na hizo naziweza. Katibu wa tawi amenipa nakala ya CBA, tunaipitia pamoja kesho asubuhi, kisha napeleka barua na nakala moja inabaki kwake. Ndugu Otieno, ile barua yako ya likizo uliielekeza kwa msajili au kwa mkuu wa idara?

Otieno_K:
Kwa msajili, kupitia kwa mkuu wa idara. Hakikisha nakala yako imegongwa muhuri wa kupokelewa.