Naomba ushauri: maduka na nyumba za kupanga kando ya stesheni ya Syokimau

Wadau, salamu. Kiwanja kiko mwendo wa dakika tano kwa miguu kutoka stesheni ya treni ya Syokimau, iliyofunguliwa mwaka 2012. Rasimu ya sasa ina maduka chini, kliniki na ofisi ghorofa ya kwanza, na juu yake nyumba za kupanga za chumba kimoja na viwili.

Kinachonikwamisha ni maegesho. Gari moja linahitaji mita 2.5 kwa 5, lakini ukijumlisha njia ya kupita na kugeuzia, unapoteza mita za mraba 25 hadi 30. Nafikiria nafasi zilezile zitumiwe na abiria wa treni mchana, wapangaji usiku. Hatari iko kati ya saa kumi na moja na saa moja jioni: wapangaji wanarudi kabla ya abiria kuondoa magari. Je, waliowahi kusimamia mpango wa namna hii waliacha akiba ya asilimia ngapi ya nafasi?

Kuchimba maegesho chini ya ardhi sikupendi. Udongo mweusi wa huku huvimba mvua ikinyesha na kupasuka wakati wa kiangazi, kwa hiyo kuta na sakafu hupasuka nao msingi usipofika kwenye mwamba.

Pia, uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta (JKIA) uko karibu. Kibali cha urefu wa jengo kutoka mamlaka ya usafiri wa anga mnakiomba kabla ya michoro ya kaunti, au sambamba nayo?